Jinsi ya kuchagua saundi kadi ya chaneli nyingi kwa bendi inayorekodi nyumbani

Ingia duka lolote la vifaa vya muziki, liwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utakuta maboksi ya saundi kadi, vifaa vinavyopeleka sauti za maiki na vyombo kwenye kompyuta, yenye namba kubwa mbele: 18i20, 1820, 1824, 16x08. Namba hizo ndizo zinazouza. Ndizo pia zinazofanya bendi ya watu kumi ichange pesa, inunue, ifike nyumbani, itake kuchomeka maiki ya tisa na kukuta matundu ya maiki yameisha.

Mwongozo huu ni wa bendi inayotaka kurekodi yenyewe, sebuleni au kwenye chumba cha mazoezi, watu wakipiga pamoja. Kama wewe ni prodyuza unayetengeneza mdundo kwenye kompyuta kisha unaingiza sauti ya mwimbaji mmoja, ishia hapa. Saundi kadi ya chaneli 2 inakutosha, na pesa inayobaki inunue maiki nzuri.

Hatua ya 1: Orodhesha vyombo, kisha anza kukata

Chukua karatasi kabla ya kwenda dukani. Tuseme ni bendi ya dansi ya kawaida: dramu, tumba, besi, solo, ridhimu, kinanda, saksafoni, waimbaji wawili na rapa. Dramu peke yake itataka maiki nne: kiki, sneya, na mbili za juu zinazobeba matoazi na dramu nzima kwa ujumla. Tumba moja. Besi inaingia moja kwa moja kwa waya, moja. Solo na ridhimu, kila mmoja maiki yake mbele ya amplifaya, mbili. Kinanda kikitoa sauti kushoto na kulia, mbili. Saksafoni moja. Waimbaji na rapa, tatu. Jumla 14.

Sasa kata. Swali la kujiuliza kwenye kila mstari ni hili: huyu akirekodiwa kesho, peke yake, wimbo utaharibika?

Mwimbaji hauharibu. Kwa kweli sauti nzuri mara nyingi hupatikana siku nyingine, chumba kikiwa kimya na mwimbaji hashindani na dramu. Siku ya bendi anaimba kwenye maiki moja tu ya kuwaongoza wenzake, ambayo baadaye itafutwa. Rapa vilevile. Umeokoa chaneli mbili. Saksafoni nayo inaweza kusubiri. Kinanda kipeleke kwa waya mmoja, isipokuwa kama mpigaji wako anategemea sana sauti zinazozunguka kushoto na kulia. Umebaki na 10. Dramu zinaweza kurekodiwa kwa maiki tatu zikasimama vizuri tu. Mhandisi Mwingereza Glyn Johns alijulikana kwa mpangilio wa maiki tatu au nne, na watu bado wanautumia. Umefika 9.

Hapo usiendelee kukata ovyo. Solo, ridhimu, besi, dramu na tumba waache wapige pamoja. Sebene haitengenezwi kwa zamu. Mpiga solo anapobadilisha, ridhimu anamsikia na kumjibu, mpiga dramu anapandisha, na besi anawafuata au anawavuta. Mrekodi mmoja baada ya mwingine juu ya metronomu uone: kila mmoja yuko sahihi na wimbo hauchezeki. Kama kuna sababu moja ya kununua chaneli nyingi, ni hiyo.

Kikundi cha taarabu kina hesabu nyingine. Kanuni, udi, fidla, akodiani na dumbaki havina kelele ya amplifaya, kwa hiyo maiki moja inaweza kubeba fidla mbili zilizokaa pamoja. Lakini utahitaji zaidi maiki za kondensa, zile zenye usikivu mkubwa, na ukimya wa kifaa utakuwa muhimu kuliko ilivyo kwa bendi ya dansi, maana kila mvumo utasikika chini ya udi.

Hatua ya 2: Soma namba ya kwenye boksi kwa mashaka

Focusrite Scarlett 18i20 ina njia 18 za kuingia na 20 za kutoka. Ni kweli. Ila katika hizo 18, maiki unazoweza kuchomeka ni 8. Nyingine 8 zinapitia tundu dogo la mwanga linaloitwa ADAT, na 2 ni za S/PDIF, za kidijitali pia. Bila kununua kifaa kingine, hizo 10 zitakaa tupu. Behringer UMC1820 iko hivyohivyo: 8, kisha 8 za ADAT, kisha 2.

Hatari zaidi ni ndugu wadogo wa 18i20. Scarlett 16i16 ya kizazi cha nne ina priampu za maiki, yaani vikuza sauti vya maiki, 2 tu. 18i16 inazo 4. Mtu akisoma 16 na 18 kwa haraka atadhani tofauti yake na 18i20 ni ndogo.

Kwa hiyo usiulize ina chaneli ngapi. Uliza ina priampu ngapi za maiki, halafu igeuze uhesabu matundu ya XLR, yale ya pini tatu ya kuchomeka maiki, kwa kidole chako. Hesabu ya kidole haidanganyi.

Angalia pia kama matundu ya laini, ya vyombo kama kinanda visivyohitaji priampu ya maiki, yako peke yake au yanagawana na ya maiki. Kwenye 18i20 njia nane za analogi ndizo hizohizo za maiki; ukichomeka kinanda umepoteza nafasi moja ya maiki. Tascam US-16x08 ina 8 za maiki na 8 nyingine za laini, mbalimbali. Kwa orodha yetu ya 9, kinanda kinaenda kwenye laini na maiki 8 zinabaki kamili. Haina ADAT lakini, kwa hiyo ndiyo mwisho wake hapo.

Mtego wa pili ni mikisa yenye USB. Mikisa nyingi za bei nafuu zina matundu mengi ya maiki na tundu la USB nyuma, na muuzaji atakuambia inarekodi. Inarekodi kweli, ila inapeleka kwenye kompyuta mchanganyiko mmoja tu, kushoto na kulia. Ukigundua baadaye kwamba sneya iko juu, huna la kuigusa. Mikisa inayopeleka kila chaneli kivyake ipo, kama Soundcraft Signature 12 MTK au Tascam Model 12, na mara nyingi maelezo yake yanasema wazi kwamba inarekodi traki nyingi. Kama maelezo hayasemi, amini kwamba haifanyi.

Hatua ya 3: Priampu, volti 48 na tundu la gitaa

Maiki za dainamiki, kama Shure SM57 na SM58 ambazo utazikuta karibu kila ukumbi, hazihitaji umeme. Maiki za kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, na boksi nyingi za DI, zile za kuingiza gitaa au besi kwenye tundu la maiki, pia. Vifaa vingi huwasha volti 48 kwa makundi, kwa mfano chaneli nne kwa swichi moja. Si tatizo, maana SM58 yenye waya mzima wa XLR haidhuriki kwa volti 48. Maiki za riboni za zamani ndizo za kuziepusha.

Geini, yaani kiasi priampu inavyokuza sauti ya maiki, ndiyo watu wanaisahau. Mbele ya kiki au amplifaya ya solo hutahitaji geini kubwa. Mara nyingine utatafuta kitufe cha kupunguza. Lakini mwimbaji mwenye sauti ya taratibu kwenye maiki ya dainamiki anaweza kukupeleka desibeli 55 hadi 60. Scarlett 18i20 ya kizazi cha tatu inafika 56, ya kizazi cha nne 69. Maiki kama Shure SM7B, ambayo kila mtu anaitaka siku hizi kwa sababu ya podikasti, inahitaji geini kubwa, na ukiibana kwenye priampu dhaifu utapata sauti yenye mvumo wa mvua.

Gitaa na besi zinazochomekwa moja kwa moja zinahitaji tundu lenye alama ya gitaa au maandishi ya ala. Kwa kawaida saundi kadi ina mawili tu, mbele. Ukichomeka besi isiyo na betri kwenye tundu la laini la kawaida, sauti itakuwa nyembamba na butu. Zaidi ya mawili, nunua boksi la DI.

Kuhusu 192 kHz, kasi ya kuchukua sampuli za sauti, zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu, pita. Rekodi bendi yako kwa biti 24 na 48 kHz. Ukipanda hadi 96, mafaili yanakuwa mara mbili na ADAT inashuka kutoka chaneli 8 hadi 4.

Hatua ya 4: Nani atamsikia nani?

Ukishaweka maiki, watu wanahitaji kusikia. Mkitumia spika za kuwarudishia sauti ndani ya sebule, spika hizo zitaingia kwenye kila maiki. Kwa hiyo ni hedifoni, tena zile zilizofunikwa nyuma, zisizovujisha.

Saundi kadi nyingi za chaneli 8 zina matundu mawili ya hedifoni. Watu saba hawatoshi hapo. Njia rahisi ni kigawanyishi cha hedifoni kama Behringer HA400, kinachopokea mchanganyiko mmoja na kuugawa kwa watu wanne. Ubaya wake ni kwamba wote wanne wanasikia kitu kilekile, na hapo ndipo ugomvi huanza: mpiga besi anataka kiki zaidi, mwimbaji anataka kinanda, na mpiga solo anataka solo.

Hivyo hesabu njia za kutoka, siyo za kuingia tu. Saundi kadi yenye njia 8 au 10 za analogi za kutoka inaweza kukuwezesha kutengeneza michanganyiko kadhaa tofauti kwenye programu yake ikiwa inayo, kila mmoja ukaenda kwenye kigawanyishi chake. Zoom L-12 ina matundu matano ya hedifoni, kila moja na mchanganyiko wake. Kwa bendi inayogombana, hicho ni kigezo kikubwa kuliko ubora wa priampu. Nimeona mazoezi mengi yakivunjika kwa sababu ya hedifoni. Kwa sababu ya priampu, bado.

Hatua ya 5: Kompyuta yako inaweza?

USB 2.0 inatosha. Chaneli 18 za biti 24 kwa 48 kHz ni kama megabiti 21 kwa sekunde, na USB 2.0 imetengenezwa kwa 480. Usilipie Thunderbolt kwa ajili ya hili.

Kinachosumbua ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta inakusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 256 kwa 48 kHz ni milisekunde 5.3 kuingia, na kutoka tena ni nyingine kama hizo, pamoja na ucheleweshaji wa kifaa chenyewe. Milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye amplifaya yako. Mpiga gitaa anaweza kuvumilia. Mwimbaji anayejisikia kichwani mwake na kwenye hedifoni kwa pamoja atalalamika. Dawa yake ni saundi kadi inayorudisha sauti kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta. Karibu zote za chaneli 8 zinaweza hivyo kupitia programu yake ya kuchanganyia au vitufe vyake. Ikiwa hiyo ipo, weka bafa 512 au hata 1024 wakati wa kurekodi na kompyuta ya zamani itapumua.

Kwenye Windows hakikisha kifaa kina draiva yake ya ASIO, programu inayokiunganisha na kompyuta bila kuchelewesha sana sauti, inayokubali toleo la Windows ulilonalo. Hili ni muhimu zaidi kwa vya mtumba. Kuna saundi kadi nzuri za zamani zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu ni za FireWire, tundu ambalo kompyuta za leo hazina, au kwa sababu kampuni iliacha kutengeneza draiva. Ingia ukurasa wa mtengenezaji uone draiva kwa macho yako, kabla ya kumtumia muuzaji pesa.

Na usidanganyike kwamba utanunua mbili za chaneli 4 uziunganishe. Mac inaruhusu kuzifanya zionekane kama moja, kwa usumbufu kiasi. Kwenye Windows, programu ya kurekodi kwa kawaida inatumia draiva moja tu ya ASIO kwa wakati mmoja. Utakwama.

Nafasi ya diski: chaneli moja inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 6 kwa chaneli 10 ni karibu MB 520, na mtaurudia mara kadhaa. Kwa programu ya kurekodi, Reaper inaendesha chaneli nyingi kwenye kompyuta dhaifu bila matatizo, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60.

Hatua ya 6: Umeme

Saundi kadi za chaneli 8 zinahitaji umeme wake zenyewe. Ule wa USB hautoshi. Umeme ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri huku saundi kadi imezimika, na programu inaweza kuganda katikati ya traki bora ya siku. Kwa hiyo bajeti iwe na UPS ndogo ya kubeba saundi kadi na kompyuta tu. Amplifaya za gitaa ziache nje, zitaimaliza kwa dakika chache.

Mvumo wa umeme, ule wa 50 Hz unaosikika kama nyuki ndani ya ukuta, mara nyingi hautoki kwenye saundi kadi. Chomoa chaja ya laptopu usikie. Ukiisha, umempata mkosaji. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, na tumia swichi ya kukata ethi iliyo kwenye boksi la DI. Usikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma na mdomo wake uko kwenye maiki ya chuma.

Hatua ya 7: Nafasi ya kukua

ADAT ilianza na kampuni ya Alesis mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mashine zilizorekodi traki 8 kwenye kanda za S-VHS. Mashine zimekufa, tundu limebaki. Kifaa kama Behringer ADA8200 kinaongeza priampu 8 kwa waya mmoja wa mwanga, na saundi kadi yako ya 8 inakuwa ya 16. Kimoja lazima kiongoze saa ya kidijitali, inayopanga mwendo wa sampuli, na kingine kikifuate. Ukisahau kuweka hilo kwenye mipangilio utasikia vidonoo vya tik-tik kwenye rekodi nzima na utalaumu waya. Kama bendi yenu inaweza kuongeza tarumbeta mbili mwaka kesho, usinunue saundi kadi isiyo na ADAT.

Hatua ya 8: Chagua

Bendi ya watu wanne au watano yenye dramu: saundi kadi ya priampu 8 yenye ADAT. UMC1820 ikiwa mfuko ni mdogo, 18i20 ikiwa mnaweza. PreSonus Studio 1824c nayo iko kundi hilo.

Bendi inayopiga pia kumbini kila wiki: fikirieni Behringer XR18 kabla ya saundi kadi yoyote. Ni mikisa ya kidijitali yenye priampu 16, inapeleka chaneli 18 kwenye kompyuta kwa USB, na ina njia sita za kupeleka michanganyiko tofauti kwa wanamuziki. Inaishia 48 kHz, jambo ambalo halitawasumbua. Inaendeshwa kwa tableti au kompyuta, na Wi-Fi yake ya ndani si ya kutegemea mbele ya umati, kwa hiyo wengi hufunga ruta ya pembeni.

Bendi isiyo na kompyuta ya kuaminika: kifaa kinachorekodi kwenye kadi ya SD. Zoom L-12 ina priampu 8, L-20 ina 16. L-8 ndogo ina matundu 6 ya maiki na inaweza kutumia betri nne za AA, kwa hiyo mnaweza kurekodi hata siku ya mgao.

Chaneli 4, kama UMC404HD, ni nzuri kwa gitaa mbili na waimbaji, au kwa mwaka wa kujifunza. Kwa bendi yenye mpiga dramu naiona ni gharama mara mbili, maana mtarudi dukani.

Kabla ya kulipa, kumbuka kwamba chaneli 8 ni maiki 8, waya 8 na stendi 8. Kama pesa ya saundi kadi inamaliza yote, shuka daraja.

Hatua ya 9: Jaribu mkiwa bado dukani

Nenda na laptopu yako yenye draiva tayari, hedifoni, maiki moja na waya mmoja unaouamini. Washa volti 48. Chomeka maiki chaneli ya kwanza, ongea, pandisha geini hadi mwisho ukiwa kimya, sikiliza mvumo. Hamia ya pili. Fanya hivyo kwa zote, hata muuzaji akikunja uso. Unatafuta chaneli moja inayovuma kuliko wenzake au kitufe cha geini kinachokwaruza. Kwenye cha mtumba, tikisa waya wa USB na wa umeme taratibu; kikizima, kiache hapo.

Ukifika nyumbani, rekodi chaneli zote kwa dakika 40 mfululizo, hata kama ni chumba kitupu na feni. Kisha sikiliza mwisho wa faili ukitafuta tik-tik na mahali sauti imekatika. Fanya hivyo wiki ileile, wakati risiti bado inafanya kazi.